Pindo Lililomezwa na TV

Kioo kiko pale pale kwenye msumari, nyuma ya mlango wa karakana. Msikiuze, msikitumie kunyolea ndevu, na wewe Idi usikipeleke kwako Magomeni kwa kisingizio kwamba unakitunza. Nakujua. Nimestaafu, sijafa, na njia ya kuja hapo Gerezani naikumbuka.

Mmenisumbua vya kutosha niwaandikie habari za kazi. Haya, naandika. Lakini anayetaka kusikia nilivyopanda mpaka nikawa mkuu wa karakana atanisamehe: nilipanda kwa sababu waliokuwa juu yangu walichoka wakaenda zao. Mshahara nao ni siri yangu na mama watoto, na mwenyewe hajawahi kuamini nilichomwambia. Nitawaeleza kazi tu. Kazi tamu hii jamani! Mpaka leo nikisikia TV ya jirani inakwaruza, vidole vinanicheza.

Siku ya kwanza nilifika Gerezani nimevaa shati jeupe. Mzee Feruzi, aliyenifundisha kila ninachokijua, alilitazama lile shati kwa huruma.

"Unaenda kuoa?"

"Hapana mzee, nimekuja kazini."

"Basi livue."

TV za wakati ule zilikuwa masanduku. Mbele kioo kizito, nyuma mgongo mrefu uliojaa vumbi na umeme wa kukurusha mpaka Posta. Huku bara watu walikuwa nazo kwa ajili ya kanda za video, na mwenye antena ndefu alinasa picha za Unguja zilizojaa chenga, akaalika mtaa mzima. Sasa, vya kurekebishia vyote vilikuwa nyuma, na picha iko mbele. Fundi ameinama kule nyuma na bisibisi yake, atajuaje picha imekaa sawa? Ndipo kioo kilipoingia. Kinawekwa kwenye kigoda mbele ya TV, fundi anachungulia ubavuni, anaiona picha kwenye kioo.

Kigoda kilikuwa kimevunjika. Kigoda nikawa mimi.

Nilikasirika, sifichi. Nimesomea redio, nina cheti chenye muhuri, halafu nashika kioo kama kinyozi! Mzee Feruzi akawa ananiuliza kutoka nyuma ya TV: "Mbwana, unaona nini?" Nami najibu, "Namwona mtangazaji."

"Huyo hata kipofu anamsikia. Pembeni unaona nini?"

"Pembeni sijaangalia."

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," akasema. "Basi wewe fundi anzia huko huko ukingoni. Katikati ya picha hujisemea yenyewe. Ugonjwa hujificha pembeni."

Na kweli. Jioni umeme wa mjini ulipokuwa unashuka, picha ilisinyaa, ukaona utepe mweusi kuizunguka. Wateja walikuja juu: "Fundi, picha imepungua!" Watengenezaji wa huko ng'ambo walilijua tatizo hilo zamani, wakafanya ujanja: picha waliikuza ikawa kubwa kuliko kioo cha TV chenyewe, ili ukingo wake ujifiche nyuma ya fremu. Ikisinyaa kidogo hakuna anayegundua. Maana yake ni kwamba kila TV mliyoitazama utotoni ilikuwa inawakata kidogo pembeni, na hakuna hata mmoja wenu aliyelalamika. Liwekeni hilo akilini, nitalirudia.

Zilipokuja TV bapa, mafundi wengi pale walitundika bisibisi. Mmoja alifungua genge la chipsi na anaendelea vizuri kuliko sisi sote. Mimi? Mimi nilishangilia! Ile ya kwanza nilipoifungua nilicheka peke yangu kama mwehu. Mgongo wote umekwisha, sanduku limekuwa sinia! Mzee Feruzi alikuwa anaaga kazi siku zile, akanipa kioo chake. Nikamwambia, "Mzee, TV hazina mgongo tena, hiki cha nini?"

"Chukua," akasema. "TV zimekonda. Ubishi wake haujakonda."

Halafu watu wakaanza kuzifanya TV kuwa skrini za kompyuta. Kwanza wenye studio za kupiga picha, kisha wanafunzi, kisha kila mtu. Inaeleweka, TV ni kubwa na kila nyumba inayo. Lakini hapo ndipo ilipoanza ngoma. Mteja anaingia na TV begani, jasho linamtoka: "Fundi, filamu inaonyesha safi, nikiunganisha kompyuta maandishi yanakuwa kama yameloa maji. Imekufa?" Nanyi vijana, mkono moja kwa moja kwenye bisibisi! Wekeni chini. TV ya namna hiyo ni nzima, na ukiifungua ndiyo unaiua.

Tazameni waya kwanza. Wengi wanatumia ule wa kizamani wenye kichwa cha bluu, kisha wanaupachikia kigeuzi cha machinga ili uingie kwenye HDMI. Hapo picha inatafsiriwa mara mbili, na unajua habari ikipita kwa watu wawili inavyofika. Unganisha HDMI kwa HDMI, mambo yaishe. Kisha iulize kompyuta: unatuma picha ya ukubwa gani? Lazima ulingane na vidoto halisi vya TV, zile pikseli zake, bila kupunguza wala kuzidisha. Kisha shika rimoti, uivue TV mapambo yake. TV imefundishwa kuremba filamu. Ile sehemu ya ukali wa picha watu wanaipandisha wakidhani maandishi yatasomeka, kumbe ndiyo inayoyachorea kivuli cheupe kila herufi. Ishushe. Na ile rangi ya "Vivid" ni ya dukani, imewekwa ili TV ipige kelele kuliko wenzake kwenye rafu pale Msimbazi. Nyumbani inaumiza macho, na kwa mtu anayefanya kazi ya rangi ni balaa.

Balaa hilo nililiona wiki yangu ya mwisho kazini.

Nilikuwa nimeshakusanya vyombo, nasubiri soda na hotuba, akaingia mwanamke wa rika la binti yangu mkubwa, jina lake Rehema, na mfuko wa plastiki mkononi. Akaniamkia, "Shikamoo baba," nikamwitikia, "Marahaba mwanangu, karibu." Akatoa kanga kwenye mfuko akaitandaza juu ya meza ya kazi, juu ya bodi na misumari.

"TV yangu ni mbovu," akasema.

"Iko wapi?"

"Iko ukutani, Kariakoo."

"Na hii?"

"Hii ndiyo kazi yake."

Idi, si ukadakia wewe: "Dada, fundi cherehani yuko mlango wa tatu!" Karakana nzima ikacheka. Rehema hakucheka. Alikuwa akiilainisha tu ile kanga mezani, nikawanyamazisha.

Akaeleza. Anachora kanga kwa kompyuta, kazi anayoifanyia Mama Lyimo, mama wa Kichaga anayeuza vitenge na kanga kwa jumla pale Kariakoo. Rehema akichora, Mama Lyimo anapeleka kiwandani kuchapwa. Skrini yake ndogo ilikufa, akaunganisha TV ya sebuleni, akafurahi kwa sababu kanga nzima inajaa ukutani. Tangu siku hiyo sampuli mbili zimerudi mbovu. Hiyo iliyokuwa mezani ilikuwa ya pili.

"Mama Lyimo amesema leo saa kumi ndiyo mwisho," akasema. "Hakuna sampuli tena, muda umekwisha. Nitakachompa leo kinachapwa mzigo mzima. Nikishindwa anampa mchoraji mwingine, na huyo mwingine keshaleta yake. Baba, miaka yote nimechora majina ya kanga yaliyotungwa na watu wengine. Hii ndiyo ya kwanza yenye jina nililolitunga mwenyewe."

"Umeshamwonyesha fundi mwingine?"

"Alikuja mmoja. Kasema kioo kinakufa, ninunue TV nyingine."

Nikaishika ile kanga. Mama watoto anazo za kutosha kufunika nusu ya Magomeni, kwa hiyo kanga naijua: mji katikati, jina chini, yaani yale maneno yake, pindo kuzunguka pande zote. Pindo ndiyo mwisho wa nguo, nje yake hakuna kitu. Sasa hii, nje ya pindo palikuwa na ukanda mweupe kuzunguka kanga nzima. Ilikuwa kama kanga ndogo imelazwa juu ya shuka. Nyekundu yake nayo imefifia kama ubuyu uliomung'unywa.

"Nani amelisogeza pindo ndani?"

"Mimi," akasema. "Lilikuwa halionekani, baba. Nachora skrini imejaa, nikiliweka pale linapotakiwa TV inalimeza. Nikajua nimekosea vipimo, basi nikalivuta ndani mpaka nikaliona lote."

Nilipiga ukelele! Idi shahidi, fundi wa redio mlango wa pili alikuja mbio akidhani nimepigwa shoti. Ukingo! Mzee wangu Feruzi, ukingo! Ule ujanja wa masanduku ya zamani umo mpaka leo kwenye TV bapa, wameuacha kwa mazoea, na umemkuta binti wa watu kwenye pindo. Nikachomoa kioo kwenye msumari, nikamwambia Idi achukue waya mpya wa HDMI, tukatoka kwa miguu kuelekea Kariakoo. Rehema alikuwa anakimbia nyuma yetu akiuliza, "Baba, inapona? Inapona?" Nami nacheka tu.

Chumba chake kiko juu ghorofani. Chini ya dirisha spika za machinga zinashindana. Na kwenye kiti pekee cha maana amekaa Mama Lyimo mwenyewe, pochi mapajani, kanga kiunoni.

"Nimekuja kuiona hiyo TV inayonitia hasara," akasema. "Wewe ndiye fundi? Mbona umebeba kioo?"

"Nitakueleza mama. Shikilia kiti."

Nikachukua rimoti nikaingia kwenye menyu, upande wa ukubwa wa picha. Majina hutofautiana kwa kila kampuni. Kwenye ile iliandikwa "Just Scan", kwingine utakuta maneno mengine, maana yake ni moja: onyesha picha yote, usikuze, usikate. Nikabonyeza. Picha ikarudi nyuma kidogo tu, kwa upana wa vidole. Chini ikachomoza saa ya kompyuta ambayo Rehema hakuwahi kuiona tangu aunganishe. Na kuzunguka pindo, pande zote, ukatokeza ule ukanda mweupe.

Chini spika zikaendelea kutangaza viatu.

"Mama yangu!" Rehema akashika kichwa. "Si huo hapo! Si huo hapo mweupe!" Akalia, akacheka, akalia tena. "Kumbe lilikuwa mahali pake! Tangu siku ya kwanza lilikuwa mahali pake, nikalitoa mwenyewe!"

"Hukulitoa wewe," nikamwambia. "Ungelionaje lililofichwa?"

Mama Lyimo aliiweka pochi chini.

Ukabaki waya. TV ilikuwa imegandamizwa ukutani na fundi aliyeifunga kana kwamba itatoroka. Nikapenyeza mkono nyuma, shavu nimelibandika kwenye ukuta, picha siioni hata kidogo. Idi anaivuta TV nafasi ipatikane, Rehema yuko kwenye kompyuta. Nikasema, "Mama Lyimo, shika kioo."

"Mimi?"

"Wewe mama. Kila anayeijua kazi hii alianza hivyo."

Akasimama yule mama mwenye maduka yake, akashika kioo mbele ya TV kwa mikono miwili. "Juu kidogo," nikamwambia. "Kushoto. Hapo hapo, usipumue." Nikautoa waya wa zamani na kigeuzi chake, nikachomeka mpya, na kwenye kioo nikaiona picha ikiwaka, herufi zimegeuka kinyume lakini kali kama wembe. Isipokuwa jina. Jina la kanga lilikuwa la herufi nyekundu juu ya weusi, na wekundu ulikuwa bado unavujia weusi.

Hilo nalo ni kasoro ya TV yenyewe, lishikeni. TV nyingi hubana matumizi ya rangi: vidoto vinavyokaa jirani vinagawana rangi moja. Kwenye filamu huoni. Kwenye maandishi ya rangi, hasa mekundu, yanachuruzika. Dawa yake kwa TV nyingi ni kuiambia kwamba kilichounganishwa ni kompyuta: unakwenda kwenye jina la tundu la HDMI, unalibadilisha liitwe "PC". Nikabadilisha. Wekundu ukajikusanya, ukasimama ndani ya mipaka yake, na Mama Lyimo akasoma kwa sauti, polepole:

"Nimetimia, usinipunguze."

Akamgeukia Rehema. "Umeyatoa wapi maneno haya?"

"Kichwani mwangu, mama."

"Mh," akasema Mama Lyimo. Kwa wanaomjua, hiyo ni hotuba.

Nikaitoa TV kwenye rangi za dukani, na hapo Rehema akaona alivyokuwa ameifubaza nyekundu yake ili TV isimpigie kelele. Akaketi. Lo, yule binti ana mkono! Pindo akalirudisha nje mpaka mwisho kabisa wa nguo, nyekundu akaipandisha, akapita kona moja baada ya nyingine. Mama Lyimo akaniuliza swali nililokuwa naliogopa: "Fundi, rangi ninayoiona hapa ndiyo itakayotoka kiwandani?"

Ningeweza kujibu ndiyo tukaagana. Lakini TV si kitambaa. Nikauliza, "Hiyo kanga uliyojifunga nani aliichora?"

"Huyu huyu, kabla ya TV yake kuingia wazimu."

"Rehema, fungua mchoro wake."

Mama Lyimo akasimama kando ya TV, karibu na dirisha, ameinua ncha ya kanga yake juu ya mchoro ule ule. Ya mkononi ni nguo iliyokwisha kuchapwa, ya ukutani ni mchoro wake. Nikawa nashusha na kupandisha rangi za TV mpaka yeye mwenyewe akasema, "Hapo. Hata mama yangu asingezitofautisha." Ndipo tukaurudia mchoro mpya, Rehema akaurekebisha kidogo, akautuma. Saa kumi ilikuwa haijagonga.

"Ukirudi mbovu mzigo huu," Mama Lyimo akaniambia akiteremka ngazi, "nitakutafuta."

"Ijumaa nastaafu mama."

"Nitakutafuta nyumbani kwako."

Basi Ijumaa mkaninywesha soda, mkanipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu asiye na pa kuwahi. Nikaenda kukaa nyumbani. Kukaa! Nani alikaa? Kila nikifumba macho naona ukanda mweupe. Nilimpigia Rehema simu mpaka mama watoto akauliza huyo Rehema ni nani, ikabidi nimweleze habari nzima, naye sasa akawa ananiuliza kila asubuhi: "Pindo je?" Pindo bado. Mzigo bado. Mwisho nikaacha kupiga, nisije nikamtia binti wa watu presha.

Juzi nimekwenda Kariakoo kununua betri za rimoti. Nimepita katikati ya watu, mara mbele yangu, mabegani mwa mama mmoja aliyebeba kapu, nikaiona nyekundu. Nikaongeza mwendo. Upande wa chini nauona, pindo limefika mwisho wa nguo. Wa kulia pia umefika. Wa kushoto umejikunja chini ya kapu, siuoni. Yeye akikata kona nami nakata kona, shingo nimeinyoosha kama bata. Machinga wakaanza: "Mzee, taratibu! Mzee, una mke!"

Yule mama akageuka. "Shikamoo baba. Mbona unanifuata?"

"Marahaba mwanangu, nisamehe sana. Naangalia pindo lako."

Watu walicheka mpaka muuza miwani ya jua akaacha biashara. Sijui aliniona vipi usoni, lakini hakunitukana. Aliweka kapu chini, akaitoa kanga mabegani, akaikunjua mbele yangu kwa mikono miwili aliyoinyoosha. Jina limekaa jekundu ndani ya weusi, halijavuja hata tone. Nikaanza kwenye ukingo, kama nilivyofundishwa. Juu. Chini. Kulia. Kushoto. Nje ya pindo hapakuwa na kitu.

Nikampigia Rehema pale pale.

"Baba," akapokea kwa sauti ndogo, "mzigo umefunguliwa asubuhi. Niko hapa ngazini kwangu. Naogopa kwenda kuangalia."

"Limo!" nikapiga kelele. "Rehema, limo!"

"Lote?"

"Pande zote nne! Nimesimama nalo hapa!"

Nilisikia ngazi, anateremka mbio.

Nikafuta macho. Yule mama alikuwa bado ameishika kanga yake, ananitazama kwa heshima mpya.

"Kumbe wewe ndiye uliyeichora, baba?"

"Hapana mwanangu," nikamwambia. "Mimi ni fundi TV."

Akanitazama. Akaitazama kanga. Akaikunja harakaharaka, akabeba kapu lake, akaenda zake bila kuaga.